Saa Nane ya Wapi?

Kila asubuhi Wamuyu aliwafungulia kuku, akawamwagia chakula, kisha akaikimbilia simu ya mama yake iliyokuwa ikichajiwa juu ya kabati la vyombo. Alikuwa na ruhusa ya kuitumia hadi chai ichemke. Watoto wengine wangetazama video za kuchekesha. Wamuyu alitazama tovuti ya shule yao, kwa kuwa aliitengeneza yeye mwenyewe, na hakuchoka kuiangalia.

"Hiyo tovuti itakuja kukupikia chai siku moja?" mama yake alimtania. "Toa macho hapo, maziwa yanafurika!"

Wamuyu alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Alisoma gredi ya nane katika shule moja ya Kiamunyi, nje kidogo ya mji wa Nakuru. Katika Kilabu cha Kompyuta hakuna aliyemshinda, na kusema kweli, alilijua hilo kupita kiasi. Kwa hivyo Mwalimu Kimaiyo, mlezi wa kilabu, alipotafuta mtu wa kutengeneza ukurasa wa Siku ya Wazazi, Wamuyu aliinua mkono kabla swali halijaisha.

Mwaka huo shule iliamua kwamba wazazi wanaofanya kazi nchi za nje wahudhurie sherehe kwa njia ya video. Nyuso zao zingeonyeshwa kwa projekta kwenye ukuta wa ukumbi. Ukurasa wa Wamuyu ungemwonyesha kila mzazi sherehe itaanza saa ngapi na muda uliobaki. Saa ikifika, kitufe kingefunguka, naye mzazi angekibonyeza na kuingia.

"Sikiliza jambo moja," Mwalimu Kimaiyo alimwambia. "Sherehe itaanza saa nane mchana. Lakini saa nane ya hapa si saa nane ya kila mahali. Sisi tukiwa tunakula chakula cha mchana, kuna watu mahali fulani bado wanakoroma. Ukiandika saa nane peke yake, simu ya kila mzazi itadhani ni saa nane ya pale ilipo. Kwa hivyo ni lazima uandike ni saa nane ya Nairobi. Ukimaliza, badilisha saa ya kompyuta iwe ya nchi nyingine, ufungue ukurasa, uone kama hesabu iko sawa. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mwalimu."

Kweli alielewa. Lakini alipoketi mbele ya kompyuta, mawazo yake yalikwenda kwenye rangi za ukurasa, picha ya bendera na tarakimu kubwa zilizohesabu muda. Aliandika tarehe, akaandika saa, akaendelea na mapambo. Alizaliwa katika nchi ambayo kutoka Lamu hadi Busia saa zote zinalingana. Hakuwahi hata siku moja kumuuliza mtu, "Saa ya wapi?"

Badala ya kubadilisha saa ya kompyuta, alimtumia mjomba wake, Muturi, ukurasa huo. Muturi alikuwa dereva mjini Doha, mbali kule Uarabuni. Jibu lilikuja kwa sauti, limejaa kicheko.

"Niaje, mpwa wangu! Hii kitu iko sawa kabisa. Hapa kwangu inasema saa nane mchana. Wewe ni mkali!"

Wamuyu alifurahi mpaka akasahau kujiuliza swali lolote. Hakujua kwamba Doha na Nakuru, pamoja na umbali wote huo, hufuata saa ile ile. Mwalimu Kimaiyo alipomuuliza kama ameujaribu ukurasa kwa saa ya nchi nyingine, alijibu, "Ndiyo, mwalimu," bila kupepesa macho. Moyoni alijua hakufanya alivyoambiwa. Akajiambia kwamba haidhuru.

Mtu aliyeisubiri siku hiyo kuliko wote alikuwa Adero, rafiki yake waliyeketi naye dawati moja. Mama yake Adero alikuwa muuguzi mjini Leeds, Uingereza, na walikuwa hawajaonana kwa miaka miwili. Adero aliishi na nyanya yake, aliyemwita Dani, kama Waluo wanavyomwita nyanya. Siku ya Wazazi Adero angeimba peke yake wimbo wa kubembeleza watoto ambao mama yake alimfundisha.

"Mum amebadilishana zamu na mwenzake," Adero alimwambia Wamuyu, macho yakimetameta. "Amenunua hata kitambaa kipya cha kichwa. Eti lazima awe smart kwa hiyo ukuta yenu. Anasema ukurasa wako unamhesabia muda vizuri sana."

"Mwambie akae karibu na simu," Wamuyu alisema, akajiona mtu mkubwa. "Kitufe kikifunguka tu, aingie."

Siku ya Wazazi ikafika. Ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama madirishani. Saa nane, nyuso zikaanza kutokea ukutani moja baada ya nyingine, na watoto wakapiga kelele za furaha. Baba wa mwanafunzi mwenzao, Kimberly, alitokea akiwa na kofia ya kazi kichwani, kutoka Doha. Wengine walitokea Riyadh na Jeddah. Wazazi wengi wa shule hiyo waliokwenda nje walikuwa Uarabuni.

Adero alipoitwa, alipanda jukwaani akiwa na sketi iliyopigwa pasi vizuri. Kabla ya kuimba alitazama ukuta, akapitia uso mmoja mmoja. Alipofika mwisho alianza tena. Piano ilirudia utangulizi wa wimbo mara mbili akiwa bado anatafuta. Hatimaye aliimba ubeti wa kwanza, macho yakiwa bado ukutani. Katika ubeti wa pili sauti ilimkwama kooni. Watoto wadogo waliokaa mbele wakacheka. Adero akaweka kipaza sauti chini na kukimbia nje huku amefunika uso.

Wamuyu, aliyekuwa akisimamia kompyuta, alimwonea huruma sana. Hata alimkasirikia yule mama. Mtu anawezaje kusahau siku kama hii?

Sherehe ilipokwisha, wageni walikwenda kula. Wamuyu alibaki ukumbini peke yake akikunja nyaya. Viti vilikuwa vimepangwa pembeni. Alikuwa akitaka kuzima kompyuta iliposikika mlio, na uso mmoja ukatokea ukutani. Alikuwa mama aliyejifunga kitambaa kipya cha rangi ya chungwa, anatabasamu meno yote nje.

"Haloo! Mnanisikia? Wewe si Wamuyu? Nimekuona kwa picha za Adero. Mbona viti viko hivyo, hamjaanza?"

Waya ulimponyoka Wamuyu. "Tu... tumemaliza, auntie."

"Mmemaliza? Aa, haiwezekani! Saa nane ndiyo imefika sasa hivi. Nimekaa na hii simu tangu asubuhi. Kitufe kimefunguka saa hii tu."

Wamuyu alitazama nje kupitia mlangoni. Kivuli cha mlingoti wa bendera kilikuwa kimelala kirefu uwanjani. Hapa ilikuwa saa kumi na moja jioni. Huko Leeds ilikuwa saa nane. Maneno ya Mwalimu Kimaiyo yalimrudia yote, neno kwa neno.

"Adero ameimba?" mama aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ameimba," Wamuyu alijibu. Kisha maneno mengine yakamtoka upesi, hata yeye mwenyewe akashtuka kuyasikia. "Sijui ni nini, auntie. Labda ni simu yako."

Yule mama aligeuza simu akaitazama huku na huku. "Labda," alisema. Tabasamu lilikuwa limekwisha. "Basi mwambie nilikuja. Tafadhali mwambie tu hivyo, kwamba nilikuja."

Wamuyu alitikisa kichwa kukubali. Uso ulipotoweka, hakwenda kumtafuta Adero. Alifungua maandishi ya ukurasa, na pale alipoandika saa akaongeza kwamba ni ya Nairobi. Kisha alibadilisha saa ya kompyuta iwe ya Uingereza, kama alivyoambiwa tangu mwanzo. Ukurasa ukaonyesha saa tano asubuhi, kama ulivyopaswa. Kazi yote ilimchukua muda mfupi kuliko kukunja waya mmoja. Hakuna aliyemwona. Alitarajia moyo utulie, lakini haukutulia.

Jumatatu Adero alikuja darasani macho yamevimba.

"Mum anasema ukurasa ulimwambia ni saa nane ya kwao," alisema. "Dani anasema ni visingizio. Mimi sijui. Nionyeshe vile alikuwa anaona."

Hapo ndipo Wamuyu angeweza kusema. Rafiki yake alikuwa mbele yake, swali lilikuwa wazi, na jibu lilikuwa fupi. Badala yake alifungua ukurasa alioutengeneza upya kwa siri, akaubadilisha uwe wa saa za Uingereza, akausogeza mbele ya Adero. Saa tano asubuhi. Adero aliusoma mara nyingi.

"Kumbe alinidanganya," alisema polepole.

"Labda alichanganyikiwa tu," Wamuyu alisema, akaona aibu hata kuisikia sauti yake mwenyewe.

"Alisahau. Afadhali angesema tu alisahau."

Tangu siku hiyo Adero hakuimba tena. Aliacha kwaya. Mama yake alipopiga simu, alikataa kuishika. Nyumbani kwa akina Wamuyu, simu ilichajiwa juu ya kabati asubuhi baada ya asubuhi na hakuna aliyeikimbilia.

"Umegombana na tovuti yako?" mama yake alimuuliza. Wamuyu alijifanya anapuliza chai.

Jambo baya zaidi lilitokea gwarideni, shule nzima ilipokusanyika asubuhi uwanjani. Mwalimu Kimaiyo alimwita mbele, akamsifu kwa ukurasa wake mzuri, na shule nzima ikampigia makofi. Wamuyu alisimama akitazama viatu vyake. Katikati ya kelele zile alimwona Adero, naye alikuwa akipiga makofi kama wengine. Wamuyu alitamani ardhi ipasuke immeze.

Jumamosi mama yake alimtuma apeleke mayai kwa Dani. Alitafuta kila kisingizio, hata akasema mguu unamuuma, lakini mama yake hakuwa mtu wa kudanganywa na mguu. Akaenda.

"Ingia, nyathina, mtoto wangu," Dani alimkaribisha, akampa bakuli la githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, kabla hata hajakaa. Adero alikuwa kwenye kiti cha pembeni akichora, kimya. Mara simu ya Dani ikalia. Adero alipoona ni nani, aliinuka akaenda kusimama mlangoni, akiwageuzia mgongo. Dani hakusikia vizuri, kwa hivyo simu yake daima ilipaza sauti chumba kizima.

"Mama, nipe Adero hata kidogo tu," sauti ya mama yake Adero ilisema.

"Hataki," Dani alijibu. "Na mimi simlaumu. Kwa nini unaendelea kumdanganya mtoto? Huyu rafiki yake alimwonyesha ile ukurasa. Imeandika saa tano. Sema ulikuwa kazini, yaishe."

"Mama, sidanganyi." Sauti ikaanza kutetemeka. "Nilikaa na kitambaa kichwani tangu asubuhi. Hata wewe huniamini?"

Dani alitikisa kichwa, akamgeukia Wamuyu. "Kula, nyathina. Wewe angalau ulisema ukweli."

Wamuyu aliweka bakuli chini. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa, lakini kuendelea kunyamaza kulimshinda.

"Dani, hadanganyi," alisema. "Mimi ndiye nilidanganya."

Wamuyu akamwaga yote. Alieleza kwamba hakuandika ni saa nane ya wapi, kwa hivyo simu ya mama yake Adero ilidhani ni saa nane ya Leeds. Alieleza kwamba alimwambia mwalimu ameujaribu ukurasa, na hakuujaribu alivyoambiwa. Alieleza kwamba aliurekebisha kwa siri, kisha akamwonyesha Adero ule uliorekebishwa. Machozi yalimtiririka hadi kidevuni na hakuyafuta.

Adero aligeuka. "Nilipokuuliza Jumatatu, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Na mum alikuja?"

"Alikuja. Sisi tulikuwa tumemaliza. Alikuwa na kitambaa cha rangi ya chungwa. Alinituma nikuambie kwamba alikuja, na sikukuambia."

Adero alichukua simu mkononi mwa Dani, akaingia nayo chumba cha kulala na kufunga mlango. Walimsikia akilia, na mama yake akilia naye kule aliko.

Dani alitazama mlango ule. "Nimemwita mtoto wangu mwongo wiki nzima," alisema. "Umeniumiza sana, Wamuyu." Hakumwita nyathina. "Jumatatu utamwambia mwalimu wako. Usipomwambia, nitakuja mwenyewe, na magoti yangu yananiuma, kwa hivyo usinitembeze."

Jumatatu asubuhi Wamuyu alimsubiri Mwalimu Kimaiyo mlangoni mwa chumba cha kompyuta. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Nilikuuliza kama umejaribu," alisema.

"Nilimtumia mjomba wangu Doha, mwalimu. Aliona saa nane, nikafikiri ni sawa."

"Doha na sisi tuna saa ile ile! Hata ungemtumia mara mia, angeona saa nane." Alivuta pumzi. "Nami nina sehemu yangu. Ningefungua huo ukurasa kwa macho yangu badala ya kuridhika na 'ndiyo, mwalimu'. Hilo nitaliambia gwaride. Lako utaliambia wewe."

Na Wamuyu alilisema, mbele ya shule ile ile iliyompigia makofi. Safari hii hakuna aliyepiga. Wengine walinong'ona. Wamuyu alirudi mstarini uso unawaka, lakini usiku huo, kwa mara ya kwanza tangu sherehe, alilala mara tu alipojilaza.

Wiki hiyo yote alikaa na Mwalimu Kimaiyo baada ya masomo wakiutengeneza ukurasa upya. Alijifunza kwamba Waingereza husogeza saa zao mbele kila Machi na kuzirudisha nyuma kila Oktoba, kwa hivyo mtu hawezi kukariri tofauti moja akategemea itadumu mwaka mzima. Ni heri kuitajia kompyuta jina la mahali na kuiacha ifanye hesabu. Kisha walijaribu ukurasa kwa saa za miji mingi, na kila mara Mwalimu alivuta kiti akaangalia mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata ukumbi ulifunguliwa tena. Hawakuwa watu wengi. Walikuwepo wanakwaya, Mwalimu Kimaiyo, mama yake Wamuyu, na Dani aliyeketi mbele kabisa na magoti yake yanayouma. Adero alikuja moja kwa moja hadi kwenye kompyuta. Tangu siku ile ya githeri walikuwa hawajaongea.

"Kwa mum ni saa ngapi saa hii?" aliuliza.

"Karibu saa tano asubuhi."

"Nionyeshe."

Wamuyu hakukasirika. Alimwonyesha mistari miwili juu ya ukurasa. Wa kwanza ulisema, "Kiamunyi, saa nane mchana." Wa pili ulisema, "Leeds, saa tano asubuhi." Adero alitoa simu ya Dani mfukoni, akampigia mama yake, akamuuliza anaona nini. Aliporidhika ndipo alipopanda jukwaani.

Kitufe kilifunguka. Ukuta mzima ukawa uso mmoja wenye kitambaa cha rangi ya chungwa. Kabla ya wimbo, Wamuyu alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Auntie, siku ile nilikuambia labda ni simu yako. Simu yako haikuwa na makosa. Makosa yalikuwa yangu, na nilijua. Nisamehe."

Mama yake Adero alimjibu. "Wamuyu, hata sisi wauguzi hukosea kuandika. Ukikosea, unasema mara moja, kwa sababu kuna mgonjwa kitandani ambaye ataumia ukinyamaza. Wewe ulirekebisha ukurasa kimya kimya, kosa likatoka kwako likaja kukaa kwangu. Mtoto wangu akaniona mwongo. Siku nyingine ukikosea, jiulize kwanza ni nani atabaki amebeba kosa lako, halafu uende ukamtue. Nimekusamehe. Sasa kaa chini, nimekuja kusikia wimbo."

Dani alisema "Ee!" kwa nguvu, na watu wakacheka kidogo.

Adero aliimba. Alipofika ubeti wa pili Wamuyu alishikilia pumzi, lakini sauti haikukwama. Alimaliza wimbo wote akimtazama mama yake, na mama yake akawa anaimba naye kwa midomo tu, bila sauti. Makofi yalipotulia, mama alisogea karibu zaidi na simu yake.

"Adero, ile siku nilikuja," alisema.

"Najua, mum," Adero alijibu. "Wamuyu aliniambia."

Kisha akashuka jukwaani, akavuta kiti, akaketi karibu na Wamuyu penye kompyuta.